Njia panda ya Mingoyo

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya Mkristo na Biblia yake pale njia inapofungwa. Sitaanza na mahubiri, maana mimi si mchungaji. Nitaanza na basi.

Mwanzoni mwa Mei 2024, siku za kimbunga Hidaya, nilikuwa natoka Mtwara kwenda Dar es Salaam. Dada yangu alikuwa amelazwa huko, na hali yake ilikuwa mbaya. Tulipofika Mingoyo, pale Mnazi Mmoja, dereva akazima injini. Mbele yetu, huko Kilwa upande wa Somanga, maji yalikuwa yamekata barabara. Anayeijua Mingoyo anajua kwamba ni njia panda: moja yaenda Lindi na Dar es Salaam, moja yaenda Masasi, na moja yarudi Mtwara. Niliyoihitaji ndiyo iliyofungwa.

Tukalala pale. Mama mmoja muuza chakula, Mwislamu, alitupa baraza lake na mikeka, na asubuhi akakataa kupokea pesa ya uji wa watoto.

Jirani yangu ndani ya basi alikuwa bibi wa Kimakua, na Biblia yake ameifunga ndani ya kitambaa cha kanga. Nikamwomba anisomee neno la kunitia moyo. Nilitegemea Zaburi ya 23, ile tunayosomewa kila msibani. Yeye akafungua ya 88.

Ukipata nafasi, msikilizaji, isome mwenyewe. Mtu amezidiwa na mateso, anamlilia Mungu na kumlalamikia waziwazi, na mpaka mstari wa mwisho hajajibiwa. Inaishia gizani.

"Bibi," nikamwuliza, "mbona hii haina faraja?"

"Mjukuu wangu," akasema, "huyu amekata tamaa na kila kitu, lakini bado anaongea na Mungu wake. Wewe tangu jana hujasema naye hata neno."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeongea na dereva, na kondakta, na simu. Basi.

Siku hizi mijini tumezoeshwa dini ya njia ya mkato. Tunaambiwa mwenye imani hakwami, na aliyekwama imani yake ina kasoro. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa maombi, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwacheki hata kidogo. Walikuwa na shida kama yangu, na mtu mwenye mgonjwa hukimbilia anakoelekezwa. Lakini sijaona popote katika Maandiko ambapo mwamini aliahidiwa kwamba barabara haitakatika.

Na watu wa Kusini wanalijua hilo tangu zamani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alishuka Lindi akitoka Unguja na watu zaidi ya 50 waliokuwa wamekombolewa utumwani. Kumbukeni kwamba wengi wa watumwa walioingizwa Unguja walitoka bara na kusafirishwa kupitia pwani hii hii ya Kilwa na Lindi. Sasa hawa walikuwa wanarudi, kwa miguu. Walipofika Masasi wakasema hapa panatosha, wakajenga, wakalima, wakasali.

Miaka sita baadaye, mwaka 1882, Askofu Steere akafariki Unguja. Mwaka huo huo Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, wakaivamia Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, wengine wakatekwa. Hebu fikiri: mtu aliyetolewa utumwani, akabatizwa, akapewa jembe na kitabu, anafungwa kamba tena! Misheni ikahamia Newala. Baadaye Masasi ikajengwa upya, na kanisa liko mpaka leo. Lakini waliosimama mbele ya majivu yale hawakujua kwamba litajengwa upya. Nadhani waliielewa Zaburi ya 88 kuliko mimi.

Siku ya pili dereva aliamua tuzunguke kwa Masasi, Tunduru na Songea. Tukaelekea huko huko walikoelekea wale wa 1876, wao kwa miguu, sisi tukilalamikia viti. Usiku, baada ya Tunduru, nilianza kusali. Haikuwa sala nzuri. Nilimwuliza Mungu kwa nini anizungushe nchi nzima wakati dada yangu ananisubiri, nikamwuliza tena na tena, bibi akiwa amesinzia begani kwangu.

Nilifika Dar es Salaam siku ya tatu. Walikuwa wamemzika jana yake. Shemeji yangu alinipeleka makaburini jioni ile ile. Nikatoa Biblia, nikaitafuta ile ya 88, nikaisoma kwa sauti mpaka mwisho. Shemeji aliniuliza kama nimekosea ukurasa. Nikamwambia hapana.