Maji ya Mgodi, Maji ya Mtungi



Huenda mmoja wenu anajiuliza kwa nini tuzungumzie migodi ya nyanda kame hapa Kibera, pasipo na mgodi. Nimekuja kwa sababu hapa wanaishi watu wanaojua kupima. Mama anayenunua maji kwenye kioski anajua mtungi wa lita 20 utafika wapi: chakula, watoto, nguo, na yale ya mwisho ya kumwagia choo. Anajua bei hupandaje mifereji ikikauka, na anajua nguvu aliyonayo mtu anayeshikilia koki. Maarifa hayo ndiyo ninayotaka tuyapeleke Magadi.

Kampuni ya magadi ilianzishwa huko Kajiado mwaka 1911, na tangu 2005 imo mikononi mwa Tata Chemicals. Ziwa Magadi ni la chumvi, jua ni kali, mvua ni haba. Maji matamu huletwa kwa bomba kutoka Nguruman, kwenye ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa, unakoteremka mto Oloibortoto. Mto huohuo hunywesha mashamba ya Nguruman. Karibu nao unapita Ewaso Ng'iro Kusini, unaolisha vinamasi vya Shompole, kimbilio la Wamaasai na mifugo yao wakati wa kiangazi, kisha unaingia Ziwa Natron.

Kampuni imewafikishia wafugaji maji, na silidharau hilo hata kidogo. Mtoto asiyeshinda njiani na punda akisaka maji amepata kitu kikubwa. Lakini mfereji uliotolewa kwa hisani hautuambii ni kiasi gani kilichotekwa kule juu mtoni. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na Sheria ya Maji ya 2016 inatanguliza matumizi ya nyumbani mbele ya mengine yote. Basi ukame ukiingia, mgodi ndio uwe wa kwanza kupunguza. Sharti hilo liandikwe kwenye kibali, na kiwango cha mto cha kuanzia kupunguza kitajwe kwa tarakimu.

Natron yenyewe iliwahi kuponea chupuchupu. Mpango wa kujenga kiwanda cha magadi upande wa Tanzania ulipingwa vikali kwa sababu ya heroe wadogo wanaozaliana pale, na mwaka 2008 Tata ikajiondoa. Swali la madhara liliulizwa kabla bomba halijachimbiwa. Huo ndio wakati wake.

Maji hupotea pia kwa kuchafuliwa. Bwawa la Nairobi, hapo chini yetu, lilijengwa 1953. Leo lina majitaka na magugu, na hakuna anayethubutu kuyanywa maji yake. Ndiyo maana mabwawa ya mabaki ya mgodi yanahitaji kupimwa hata baada ya mashine kuondoka. Kwale si kame kama Magadi, lakini ina funzo: Base Titanium, kampuni ya mgodi wa huko, ilitegemea bwawa la Mukurumudzi na visima, ikirejesha kiwandani maji yaliyokwisha kutumika, kisha ikaacha kuchimba Desemba 2024. Bwawa limebaki. Nani ataliendesha, na nani atakunywa kwanza, ni mambo ya kuamuliwa siku mgodi unapofunguliwa.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji linahusu mita. Kila mgodi wa nyanda kame uwe na mita pale maji yanapotekwa, ndani ya kijumba chenye kufuli mbili: ufunguo mmoja wa kampuni, wa pili wa chama cha watumiaji maji. Kila mwezi ubao ubandikwe sokoni, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, uonyeshe mita za ujazo zilizotekwa, zilizorejeshwa, na zilizobaki mtoni.