Kamera Mbili, Kazi Tofauti: Mwongozo kwa Anayenunua Kamera ya Kwanza

Maandishi ya mazungumzo na wapiga picha na wanunuzi wa vifaa vya picha, Mirongo, Mwanza

  

Nimeombwa nizungumze juu ya haki za mlaji, na sheria nitaitaja kabla sijakaa. Lakini nimeona tuanze na kifaa chenyewe, kwa sababu moja. Sheria humlinda mnunuzi dhidi ya muuzaji anayemhadaa. Haimlindi dhidi ya uchaguzi wake mwenyewe. Kijana akitoa akiba yake ya kikoba na kununua kamera halisi, yenye risiti na waranti, kisha akagundua katika harusi ya kwanza kwamba haifai kazi aliyoitiwa, hakuna ofisi ya serikali itakayomrudishia fedha. Amenunua kitu kizuri kwa kazi nyingine. Mkopo utabaki palepale, na familia ya bwana harusi itataka picha zake.

Nitalinganisha kamera mbili ambazo mtu anayeanza huelekezwa kwazo mara kwa mara: Canon EOS R50 na Canon EOS R100. Zote zilitoka mwaka 2023, na zote ni kamera zisizo na kioo cha ndani, zile ambazo madukani mnaziita mirolesi. Nimechagua za kampuni moja kwa makusudi, ili tusipotelee katika ushabiki wa majina kama wa Simba na Yanga. Atakayenunua Sony, Nikon au Fujifilm anaweza kuuliza maswali haya haya.

Tuanze na yanayofanana, maana ni mengi kuliko tangazo litakavyowaambia. Kihisi cha kila moja kina megapikseli takriban 24. Zote hutumia lenzi za aina moja, betri moja ya LP-E17, na zote zina tundu la kutazamia na flashi ndogo ya ndani. Uzito wake unapishana kwa gramu chache tu: R50 ina gramu 375 na R100 gramu 356, pamoja na betri na kadi. Picha iliyopigwa mchana, mtu ametulia, ukiiweka mezani hutajua imetoka kwenye ipi. Basi muuzaji anayewaambia kwamba moja ina picha safi zaidi kwa sababu ya megapikseli, muombeni awaonyeshe.

Tofauti iko katika mwendo, video na skrini. R50 hutambua na kufuata jicho la mtu, mnyama, hata ndege, na hupiga picha 12 kwa sekunde, au hadi 15 kwa shata ya kielektroniki. R100 hutambua uso na jicho la binadamu tu, na inapofuata kitu kinachosogea hushuka hadi picha 3 na nusu kwa sekunde. Skrini ya R50 hufunguka, hugeuka na huguswa kama simu. Ya R100 imeganda mahali pake na haiitikii kidole. Mpiga picha anayetaka kuinua kamera juu ya vichwa vya watu, au kujirekodi mwenyewe, atalihisi jambo hilo siku ya kwanza.

Sasa bei. Sitataja bei za shilingi, kwa kuwa hubadilika kabla kijitabu hakijatoka kiwandani. Chukueni bei zilizotangazwa Marekani zilipozinduliwa, kabla ya usafiri na ushuru: R100 pamoja na lenzi yake ndogo ya milimita 18 hadi 45 ilikuwa takriban dola 600, R50 na lenzi hiyo hiyo, dola 800. Pengo ni dola 200. Na dola 200 ndiyo ilikuwa bei ya kuzinduliwa, mwaka 2020, ya lenzi ya Canon RF milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8. Kwa hiyo swali la kweli si R50 au R100. Swali ni hili: je, ninunue R50 yenye lenzi ya kawaida, au R100 yenye lenzi mbili?

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi wenu mnaishi kwa harusi, sendofu na kicheni pati.

Lenzi ndogo inayokuja na kamera hizi, ukiivuta hadi mwisho wake wa milimita 45, hufunguka kwa f/6.3 tu. Lenzi ya milimita 50 hufunguka hadi f/1.8. Namba hizi ni za kugawanya, ndogo ndiyo yenye tundu kubwa. Ukizipiga hesabu, lenzi ya pili huingiza mwanga mara 12 zaidi. Ndani ya ukumbi wenye taa za rangi, mahali ambapo lenzi ndogo inadai sehemu moja ya kumi ya sekunde, lenzi ya 50 itatosheka na sehemu moja ya mia na ishirini hivi. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde bibi harusi anayecheka amekwisha kugeuza kichwa, na uso wake unatoka kama umepakwa. Lenzi ndogo ina kituliza mtikisiko, ni kweli, lakini kifaa hicho hutuliza mkono wenu, hakimtulizi bibi harusi.

Kwa hiyo, kwa mpiga picha za mnato za harusi ambaye fedha yake ina mwisho, maoni yangu ni R100 na lenzi ya milimita 50, na tofauti si ndogo. Najua wapo watakaonipinga, hasa waliokwisha kuizoea skrini ya kugeuza. Kuna bei nyingine ya kulipa pia: juu ya kamera hizi lenzi ya 50 huona kwa ufinyu, kama ya milimita 80 kwenye filamu za zamani. Sebuleni kwa mtu utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na bado mashangazi wawili watakuwa nje ya picha. Kwa kundi la ukoo rudini kwenye lenzi ndogo, tokeni nje.

Anayerekodi video asinifuate katika hilo. R50 hurekodi video ya 4K kwa upana wote wa kihisi. R100 nayo imeandikwa 4K kwenye boksi, na neno hilo si uongo, ila ikiwekwa kwenye 4K hukata sehemu kubwa ya picha pembeni, na ule mfumo wake wa haraka wa kulenga haufanyi kazi. Mteja akidai 4K, R100 haitawafaa. Akiridhika na Full HD, itatosha. Kwa kamera yoyote, chagueni mfumo wa PAL na fremu 25, na kasi ya shata iwe 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na baadhi ya taa za ukumbini huleta mistari mkifanya vinginevyo. Msitegemee pia kurekodi ibada ndefu bila kukatiza. R50 husimama baada ya saa moja.

Anayefuata ndege na michezo asisite, achukue R50. Furukombe akishuka majini karibu na Kisiwa cha Saanane hatoi nafasi ya pili, wala mshambuliaji aliyebaki na kipa katika uwanja wa CCM Kirumba. Lenzi ya milimita 55 hadi 210 ni ya bei nafuu ya kuanzia. Kwa ndege wadogo kama mdiria ni fupi, na atakayekwenda kuwatafuta wanyama upande wa Ndabaka ataihisi vivyo hivyo.

Mwenye studio ya picha za pasipoti na vitambulisho: R100. Mtu amekaa, taa ni zenu, ukuta ni mweupe. Fedha inayobaki inunue taa ya pili.

Na wale wanaopenda kupiga Jiwe la Bismarck jua likizama, au taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza, kamera zote mbili ni sawa. Kazi hiyo ni ya stendi na uvumilivu. Kulipia kasi ya kufuata jicho ili kupiga jiwe ni kutupa fedha ziwani.

Yapo mambo mawili ambayo hayaandikwi kwa herufi kubwa. La kwanza ni kwamba kila moja ya kamera hizi ina nafasi ya kadi moja tu. Kadi ikifa, hakuna nakala, na ndoa hairudiwi. Badilisheni kadi baada ya ibada, ya kwanza ikae mfukoni mwenu wala si kwenye begi. La pili ni flashi. R50 ina kiungo cha flashi cha aina mpya. Flashi za Canon za zamani hazikai juu yake bila adapta iitwayo AD-E1. Mwenye flashi yake aende nayo dukani, aifunge juu ya kamera anayoinunua, awashe, apige. R100 nayo ijaribiwe hivyo hivyo. Maneno ya “itakubali tu” hayatoshi.

Tukishafika dukani, someni jina lote. Mwaka 2025 ilitoka kamera iitwayo EOS R50 V, herufi moja imeongezeka na kifaa ni kingine: imetengenezwa kwa ajili ya video, haina tundu la kutazamia wala flashi ya ndani. Ni kamera nzuri kwa kazi yake, lakini aliyekusudia R50 akipewa hiyo hakupewa alichoomba. Namba ya utambulisho iliyo kwenye kamera ilingane na iliyo kwenye boksi, na namba hiyo iandikwe kwenye risiti. Ulizeni waranti inatolewa na nani: na mtengenezaji, au na duka? Na kamera ikiharibika hutengenezwa wapi? Waranti ya nchi nyingine si bandia, lakini haina faida kwa mtu ambaye hawezi kuipeleka kamera huko.

Kuhusu betri, tutofautishe vitu viwili. Betri ya kampuni nyingine, iliyoandikwa jina la kampuni hiyo, ni bidhaa halali. Kamera huweza kuonyesha onyo, na uamuzi ni wenu. Betri iliyoandikwa Canon ilhali Canon hawakuitengeneza ni bandia, na kuiuza ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kadi za kumbukumbu ndizo zenye hila zaidi. Kadi bandia inaweza kujitangaza kuwa ya GB 128 hata ndani ya kompyuta, ilhali nafasi yake halisi ni ndogo mno. Itaendelea kupokea picha kwa utulivu, na zilizozidi hazitafunguka. Njia ya kuijua ni kuijaza yote kwa mafaili, kisha kuyafungua ya mwishoni. Fanyeni hivyo nyumbani, wiki moja kabla ya kazi.

Msisahau ziwa letu. Hakuna kati ya kamera hizi iliyozibwa dhidi ya maji na vumbi, na mkitoa lenzi, kihisi kinabaki wazi. Msibadilishe lenzi ufukweni wakati wale wadudu wa ziwani wamepanda kama moshi. Unyevu wa hapa huotesha kuvu ndani ya lenzi iliyofungiwa begini miezi. Kopo lenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu linatosha.

Sheria, kama nilivyoahidi. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kupotosha au kuhadaa juu ya bidhaa yake. Kuuza kamera iliyotumika kwa jina la mpya ni jambo la namna hiyo. Anzeni kwa muuzaji, kwa maandishi, mkieleza mlichoahidiwa na mlichopewa. Wenye maduka walio wengi humaliza jambo hapo, na wengine wako humu ndani wananisikiliza. Asipoitikia, lalamiko lipelekwe Tume ya Ushindani. Pelekeni risiti ya mashine ya EFD, boksi, namba ya utambulisho, picha za kasoro yenyewe, na ujumbe wote mliotumiana kwa simu. Risiti ni ya kudai papo hapo. Punguzo linalotolewa kwa sharti la kutochukua risiti linamwondolea mnunuzi ushahidi wake mkuu.

Kamera zote mbili ziko juu ya meza ile, pamoja na lenzi ya milimita 50. Mwenye flashi yake aje aijaribu. Mwenyekiti, nakaribisha maswali.