Kuitwa mbele ya kamati si kuwajibishwa

1/ Maneno haya niliyazungumza na wakaazi wa Mji wa Kale, nimeyakata vipande ili yasomeke hapa. Simtaji mwanasiasa wala chama. Viti hubadilisha wenyewe, lakini jambo lenyewe litabaki.

2/ Kila mdahalo wa siasa ya kaunti hauishi bila watu hawa wawili. Wa kwanza asema: "Bunge la kaunti limelala, MCA kazi yake ni harusi na matanga." Wa pili ajibu: "Na akiuliza maswali mwasema apinga maendeleo!" Wote wazungumzia kazi moja: uangalizi. Basi tuitazame kazi hiyo ilivyo.

3/ Kifungu cha 185 cha Katiba ya 2010 kinalipa bunge la kaunti jukumu la kuiangalia serikali ya kaunti. Mombasa tuna wadi 30, yetu ikiwa Mji wa Kale/Makadara. Ila kazi kubwa haifanywi ukumbini kwa makelele. Hufanywa kwenye kamati: ya afya, ya maji, ya hesabu za umma na nyinginezo. Na kamati si ya kuombaomba. Kifungu cha 195 kinaipa nguvu kama za Mahakama Kuu kumwita mtu, kumhoji kwa kiapo na kumlazimisha kuleta stakabadhi.

4/ Hapa ndipo wengi hudanganyika. Waziri wa kaunti akiitwa, video ikasambaa, MCA akapandisha sauti, twasema "leo kakiona". Kaona nini? Ameitwa tu. Kesho yake arudi afisini, na mtaro uko vile vile. Ahadi ni deni, lakini deni ambalo halikuandikwa ni rahisi kukanwa.

5/ Tuseme mtaro umeziba na mvua ya masika yaja. Swali bovu ni: "Kwa nini mwapuuza Mji wa Kale?" Hilo hujibiwa kwa hotuba. Swali zuri ni: kandarasi ilitolewa lini? Kwa pesa ngapi? Nani alitia sahihi kwamba kazi imekwisha? Alikuja kuiona? Hayo hayajibiwi kwa hotuba, yajibiwa kwa karatasi. Na afisa aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria, Kifungu cha 226 chasema hasara ni juu yake mwenyewe, hata akiwa ameshatoka kazini.

6/ Kuna na kalenda, iwekeni kwenye simu. Mwaka wa fedha huisha Juni 30. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana miezi sita kutoa ripoti. Bunge likishaipokea lina miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua, kwa Kifungu cha 229. Yaani ripoti ikija kwa wakati, kufika mwisho wa Machi bunge liwe limesema neno. Aprili ikiingia kimya, una haki ya kuuliza: ripoti iko wapi, na kamati imependekeza nini?

7/ Mbona basi kamati hulegea? Si lazima iwe hongo. Tazama mpangilio wenyewe. MCA anayetakiwa kumbana waziri asubuhi ndiye huyo huyo anayemhitaji jioni ili wadi yake ipate taa, barabara na dawa za zahanati. Akibana sana, ahofia wadi kurukwa. Akinyamaza, sisi twaona taa zimewaka na twampigia makofi. Tukimpima MCA kwa miradi pekee, twamfundisha sisi wenyewe kutouliza.

8/ Jueni pia mlango wa kubisha. Taka, masoko, mitaro ya mvua, taa za barabarani, zahanati, maji ya mitaani: hayo ni ya kaunti. Fort Jesus iko chini ya Makumbusho ya Taifa, bandari na polisi pia ni mambo ya serikali kuu. Ukimlaumu MCA kwa yasiyo yake, wampa njia ya kukwepa yaliyo yake.

9/ Na sisi je? Kifungu cha 196 chataka vikao vya bunge na kamati viwe wazi. Kumfungia mwananchi nje ni mpaka spika aone kuna sababu za kipekee. Waweza kupeleka ombi rasmi kwa bunge, lenye sahihi za majirani. Waweza kuomba stakabadhi kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, na afisa ana siku 21 kuamua. Picha yenye tarehe, iliyoambatanishwa na ombi, yamsaidia MCA mwenye nia njema kuliko matusi mia.

10/ La mwisho: tusichanganye uangalizi na kung'oana. Kumwondoa gavana kwataka thuluthi mbili ya wanachama wa bunge, kisha kesi iende Seneti. Hiyo ni njia ya mwisho. Uangalizi ni kazi ya kila wiki, haina tarumbeta. Ikifanywa vyema, huenda hata hiyo vita ya kung'oana isifike.

11/ Kwa hivyo mdahalo ukianza tena, jamani, tusiishie "nani kaitwa leo?" Tuulize manne: aliulizwa nini? Alijibu kwa stakabadhi gani? Aliahidi kufikia tarehe gani? Na ile tarehe ilipofika, nani kwenye kamati alirudi kuangalia? Hilo la nne ndilo ambalo watu wa siasa hawalipendi. Lishikeni hilo.