Mti wa Kumbukumbu: Tupande Upi, na Tuupande Lini?



Kamati imetutaka sisi walimu tuseme juu ya mti wa maua utakaopandwa katika uwanja wa skuli. Wazee wetu walitoka Chovai mwaka 1991 kwa majahazi, wakafikia Mombasa. Kambi za pwani zilipofungwa katika miaka ya 1990, baadhi yetu tukaletwa huku Kakuma. Muda wote huo hatukupanda mti mkubwa, maana ilisemwa: kusi ikivuma tutarudi. Juzi mzee wetu mmoja ametuuliza, mti wa nini, kwani tumehamia?

Swali lake ni la haki. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kambi hii na zile za Dadaab zingefungwa kufikia tarehe 30 Juni 2022. Hazikufungwa. Watoto waliozaliwa mwaka ule wanakua hapa, na kivuli walicho nacho ni cha mabati na cha mathenge, ambaye miba yake hutoboa kandambili. Mzee wetu, kupanda si kuikana Chovai. Siku tukirudi, watakaa chini yake watoto wa Kiturkana, na hilo halitupunguzii kitu.

Wengi wameomba ule wa maua mekundu, ambao wenzetu wa Tanzania huuita mkrismasi kwa kuwa huchanua Desemba. Asili yake ni Madagaska. Ni mzuri, hatukatai. Lakini mizizi yake hutambaa juu juu na kuinua sakafu, na matawi yake hukatika upesi kwa upepo. Na upepo wa Kakuma mnaujua. Sisi tunapendekeza ndugu yake, ambao Wasomali huuita lebi, wenye maua meupe yanayogeuka manjano. Huo huota wenyewe katika nchi kavu za Somalia na kaskazini ya Kenya, na ukishashika huvumilia kiu. Kwenye picha hautapendeza kama ule mwekundu, ni kweli. Uwe hatua 15 kutoka ukuta wa darasa, na mbali na bomba na vyoo.

Hapa wageni wetu watusamehe. Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, ni siku njema ya hotuba na mbaya ya kupanda. Mvua za huku, zikija, huja zaidi kati ya Machi na Mei. Mche ukitiwa ardhini Juni utapigwa picha, kisha utakufa. Basi siku hiyo watoto watie mbegu katika mifuko. Ganda lake ni gumu: mwagia maji ya moto, ziache zilale humo usiku kucha, zilizovimba ndizo za kupanda. Miche ilelewe kivulini mpaka masika. Tuoteshe kumi, tusitegemee mmoja.

Mbuzi watazuiwa kwa ua wa matawi ya mathenge, angalau kwa hilo atatufaa. Maji ya mgao hayatoshi, kwa hiyo tumekubaliana na msikiti tukinge maji ya kutawadhia, madumu mawili kila wiki. Shida iliyobaki ni likizo, skuli ikifungwa. Watakaojitolea kumwagilia wakati huo wampe mwalimu wa zamu majina yao kabla ya Ijumaa.