Gauni la Lesi na Deni la Mabilioni

Leo nataka tuzungumzie duka, na duka lenyewe liko mbali: Dallas, jimbo la Texas, Marekani. Linaitwa Neiman Marcus.

Mwaka 1907 Herbert Marcus, dada yake Carrie, na Al Neiman, mume wa Carrie, walirudi Dallas kutoka Atlanta wakiwa na dola 25,000. Kule walikuwa na biashara ya kuwatangazia wenye maduka bidhaa zao. Alipopatikana wa kuinunua, waliwekewa mezani mambo mawili: wachukue fedha taslimu, au wapewe haki ya kuuza Coca-Cola katika jimbo moja. Wakachukua taslimu. Stanley, mwana wa Herbert, alizoea kutania kwamba duka la ukoo wao limejengwa juu ya uamuzi mbaya wa kibiashara.

Walifungua mwezi Septemba. Oktoba benki za Marekani zikaingia katika kiwewe, watu wakikimbilia kutoa akiba zao. Hata hivyo, nguo za kwanza zilikwisha katika wiki chache, na sifa hiyo mimi nampa Carrie. Alikuwa na miaka 24. Enzi hizo mwanamke mwenye uwezo alishonewa nguo na fundi wake. Nguo ya dukani, iliyokwisha shonwa, haikuwa na heshima. Carrie alizichagua mwenyewe moja moja, akitazama mshono na kitambaa, mpaka matajiri wa Dallas wakaona hawana sababu ya kumsubiri fundi. Mwaka 1913 moto ukateketeza duka. Mwaka uliofuata wakafungua jengo jipya kwenye kona ya mitaa ya Main na Ervay. Mwaka 1928 Carrie na Al wakaachana, Al akalipwa hisa zake akaenda zake, na jina la shemeji likabaki mlangoni hadi leo.

Kisha mwaka 1930 yakagunduliwa mafuta mashariki mwa Texas. Dunia iko katika mdororo, na huku kuna wakulima wanaamka mamilionea! Wana fedha, hawajui wavae nini. Neiman Marcus ikawa mwalimu wao.

Lakini kisa ninachokipenda hakina mafuta ndani yake. Stanley anakisimulia katika kitabu chake cha kumbukumbu. Mteja mmoja alinunua gauni la lesi iliyofumwa kwa mkono, dola 175, akalivaa kwenye dansi usiku mmoja, akalirudisha limeharibika. Anataka fedha zake. Stanley, kijana aliyeanza kazi juzi, akapinga: kosa ni la mteja, na mwenye kiwanda hatatulipa. Baba yake akamwambia amrudishie, tena kwa tabasamu, maana huyu mama hafanyi biashara na mwenye kiwanda, anafanya na sisi. Kwa miaka iliyofuata mama yule alinunua pale vitu vya zaidi ya dola 500,000.

Stanley alishika somo, akaongezea mbwembwe. Mwaka 1957 alipokuja mbunifu wa mavazi Coco Chanel kupokea tuzo ya duka, alifanyiwa karamu shambani ambako ng'ombe walivishwa na kupitishwa mbele ya wageni, wakiwemo bibi na bwana arusi wa kwato nne. Mwaka 1960 katalogi ya Krismasi ikatangaza ndege mbili, ya bwana na ya bibi. Hata wasioweza kununua soksi pale walilijua duka hilo.

Mwaka 1969 ukoo uliuza duka kwa kampuni kubwa ya California, maana kufungua matawi kulitaka mtaji ambao familia haikuwa nao. Miaka 2 baadaye likafunguliwa tawi la kwanza nje ya Texas, huko Bal Harbour, Florida. Baada ya hapo yakafuata mengine, mpaka yakapita 40.

Sasa hapa, msikilizaji, naomba utege sikio. Mwaka 2005 wawekezaji walilinunua kwa dola bilioni 5.1. Mwaka 2013 wakaja wengine, wakatoa bilioni 6. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya kukopa, na mkopo uliandikwa kwa jina la duka lenyewe. Ni kama mtu anunue basi kwa mkopo, kisha deni aliachie basi lenyewe. Kila gauni lililouzwa likawa linalipa riba kabla ya kulipa fundi. Korona ilipofunga milango mwaka 2020, duka lilikuwa na deni la takriban dola bilioni 5, likakimbilia mahakamani kuomba kinga ya muflisi.

Lilitoka humo likiwa limepunguziwa madeni mengi. Ungetegemea watu wamejifunza. Desemba 2024 wenye duka jingine, Saks Fifth Avenue, wakalinunua kwa karibu dola bilioni 2.7, kwa mkopo tena! Mwaka 2025 waliokuwa wanawaletea viatu na mikoba wakaambiwa malipo yatakuja siku 90 baada ya kupokea mzigo. Januari 2026 kampuni nzima ikawa mahakamani, ikiomba kinga ile ile. Wapo wanaolaumu intaneti, na sikatai kwamba imeuma. Ila mie namtazama zaidi aliyeandika hati za mikopo.

Mwaka 2025, kabla ya mahakama, wamiliki wapya walitangaza kulifunga lile jengo la Main na Ervay, kwa mgogoro wa pango la kipande kidogo cha ardhi chini yake. Watu wa Dallas wakaja juu, jiji likaingilia kati. Ghorofa ya 6 ya jengo hilo kuna mgahawa uitwao Zodiac. Kwa miaka mingi, ukishakaa tu, kabla hujaagiza chochote, huletewa kikombe kidogo cha mchuzi wa kuku, na mkate mwepesi uliofura, wa moto, na siagi ya stroberi pembeni. Hawakutozi kwa vitu hivyo.