Anayeweza Bati Moja, Alete Moja



Tulipokuwa wanafunzi Uholanzi, tarehe 30 Aprili 2008 tulijiunga na umati wa Amsterdam kusherehekea Siku ya Malkia. Tulivaa rangi ya chungwa kama wenyeji. Malkia Beatrix hatukumwona. Tulichokiona ni watoto waliotandika mablanketi barabarani, wakiuza midoli yao ya zamani, maana siku hiyo kila mtu aliruhusiwa kuuza vitu vyake bila kibali. Walipata senti tu, lakini walizihesabu bila kuona haya.

Sisi huona haya kutoa kidogo, mwishowe hatutoi kabisa. Zahanati yetu bado haina paa. Tusimngoje tajiri. Anayeweza bati moja, alete moja.