Ndege wa Mida na Boriti Zetu

(Maongezi ya asubuhi yaliyotolewa redioni)

Neno letu la leo limo katika kitabu cha nabii Yeremia, mlango wa 8, aya ya 7. Humo nabii anawatazama ndege wapitao juu ya nchi yake. Anaona kwamba kila mmoja anajua saa yake ya kuja, kisha anawageukia watu wa Mungu na kuona haya kwa ajili yao. Neno hili tumelisoma mara nyingi, lakini hatukuwa tumelisoma tukiwa tumesimama kando ya tope.

Tulikwenda kwenye hori la Mida, karibu na Watamu, kusini ya Malindi: akina mama, vijana na wazee wa kanisa, katika basi moja. Wengi wetu ni watu wa pwani, na hata hivyo hatukuwa tumefika. (Cha kwetu hatukitazami mpaka mgeni akisifu.) Hori hilo ni mkono wa bahari ulioingia bara kwa mlango mwembamba. Maji yakijaa, utadhani ni ziwa. Yakipwa, na hupwa mara mbili kati ya usiku na mchana, hubaki uwanja mpana wa tope na mchanga uliozungukwa na mikoko.

Kijana Mgiriama wa hapo hapo alitupitisha kwenye daraja la mbao lililotundikwa kwa kamba katikati ya miti. Kiingilio tulichotoa husaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vya kando, katika mpango ulioanza mwaka 2001. Tukafika mwisho wa daraja, akatuambia tunyamaze.

Uwanja wote ulikuwa unatembea. Walikuwako sululu wenye midomo iliyopinda, yangeyange, na ndege mmoja mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, akimpiga kaa. Huyo huzaa katika mashimo ya mchanga kwenye pwani za Somalia na Arabuni, kisha huja kwetu kula. Lakini waliotushangaza zaidi ni vitwitwi. Baadhi yao, alisema kijana, hutoka kaskazini kabisa ya Siberia, safari ya zaidi ya kilomita 8,000, na uzito wao hauzidi sana ule wa yai la kuku. Huanza kufika mwezi wa Agosti, na kufikia mwisho wa Aprili wengi wamekwisha kurudi. Hakuna aliyewaandikia barua. Wanakuja kwa sababu Muumba aliwawekea saa, na kwa sababu meza ipo.

Tukiwa tunarudi, mmoja wa wazee wetu aliona visiki, vingi, vimekatwa sawasawa kwa msumeno.

"Mwanangu, miti hii ilikwenda wapi?"

"Ilikwenda kujenga, mzee. Pau, boriti."

"Na wanunuzi ni nani?"

"Yeyote anayejenga."

Hapo hatukusema neno, wapendwa. Maana banda letu la shule ya Jumapili limesimama juu ya boriti za mikoko. Zililetwa usiku kwa lori. Tulipatana bei, tukafurahi kwamba ni rahisi, tukamshukuru Mungu. Hatukuuliza zilikokatwa wala hatukuomba kuona kibali, ijapokuwa mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Kisha tuliliweka banda wakfu kwa maombi marefu.

Mkoko haufi peke yake. Mizizi yake hushika tope lisichukuliwe na maji, na katikati yake kamba na samaki wachanga hujificha hata wakue. Mizizi ikitoweka, mvuvi atapungukiwa. Naye kitwitwi, aliyeshika ahadi yake kutoka Siberia, atafika saa ile ile aliyoamriwa na kukuta meza imeondolewa. Yeremia hakuwalaumu ndege. Na sisi tusikimbilie kumlaumu mwenye msumeno, ambaye pengine hana kazi nyingine. Sisi ndio tuliomlipa.

Katika halmashauri ya kanisa mambo hayakuwa mepesi. Mmoja alisema boriti haziwezi kurudi kuwa miti, nalo ni kweli. Mwingine alitaka banda livunjwe, lakini watoto wangekaa wapi mvua ikinyesha? Mama mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi sana, aliuliza kwa nini kanisa huomba risiti ya saruji lakini haliombi ya miti. Hakuna aliyemjibu. Tumekubaliana kwamba hautanunuliwa mti tena pasipo kibali kuonekana. Vijana nao watarudi Mida kuomba wafundishwe kupanda. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti wake, kisha huanguka na kujichoma topeni kama mkuki. Lakini palipooshwa na maji huhitaji mkono wa mtu.

Banda lingalipo. Watoto wamezihesabu boriti: ni thelathini na nane.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa tulichonunua bila kuuliza. Umpatie mkata miti njia nyingine ya kuwalisha watoto wake. Na ndege walio safarini asubuhi hii, uwafikishe. Amina.